Kama Lumumba Angefika Stanleyville

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Kamina)



Mzee mmoja aliniuliza: «Lumumba angeishi, tungekuwa na nini?» Wengi hujibu upesi: barabara, shule, mshahara mzuri. Mimi sikujibu hivyo.

Tushike kwanza yale tunayoyajua. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 Lumumba alitoka kwa siri nyumbani kwake Léopoldville, akashika njia ya Stanleyville, ambako watu wake walimngoja. Njiani watu walimsimamisha, naye akasema nao, na saa zikapita. Alipita Mweka, ambayo ninyi wa reli mnaijua, iko kwenye njia yetu ya kwenda Ilebo. Akafika Lodi, kwenye mto Sankuru. Yeye alikwisha kuvuka. Mkewe Pauline na mtoto wao Roland walikuwa bado upande wa pili. Askari wa Mobutu walipowafikia, alirudi. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa Élisabethville pamoja na Mpolo na Okito, wakauawa usiku uleule.

Basi tuseme wote walivuka pamoja. Je, angekuta njia nyeupe mbele yake? Hata kidogo. Chama chake kilikuwa na viti 33 tu katika viti 137 vya Bunge. Angelazimika kupatana na vyama vingine, pamoja na Balubakat ya Sendwe, rafiki zake wa huku kwetu. Tena kulikuwa na habari ya feza. Tangu Julai 1960 Union Minière ilimlipa Tshombe kodi ya shaba, serikali kuu haikuipata. Angeirudisha kwa maneno ama kwa bunduki?

Nauliza kwa sababu ya Bakwanga. Mwezi wa Agosti 1960 askari wa serikali yake waliua raia wengi kule, Waluba, watoto na wanawake. Sisi tunaompenda hatupendi kulitaja neno hili. Mimi nalitaja, maana hapa Kamina wako wenye ndugu kule.

Angeishi, tungemwuliza. Angesimama Bungeni, ajibu. Tungemchagua tena, ama tungemwangusha kwa kura zetu. Waliomwua walituondolea mtu, wakatuondolea na haki ya kumpima sisi wenyewe. Tukapata Mobutu, toka 1965 mpaka 1997, ambaye hakukubali kuulizwa. Na ni yeye huyo aliyemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966! Aliye kaburini hamsumbui mtu. Na Lumumba hata kaburi hakuwa nalo: mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja, basi.

Kwa hiyo nilimjibu mzee: tungekuwa na mtu wa miaka 35, mkali, mwenye makosa yake, na mlango ambao tungeweza kuupiga hodi.

Mzee akafikiri. Akasema yeye angepiga hodi kwa ajili ya pansioni yake.