Swali la Bungeni na Bei ya Saruji
Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipatia Bunge mamlaka ya kumwuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na mbunge akishajibiwa huweza kuuliza swali la nyongeza, yaani lile linalolichimba jibu lenyewe, ambalo aghalabu ndilo lenye uzito zaidi. Kwa mfano, bei ya saruji haielezwi na wizara ya viwanda peke yake, kwa kuwa kutengeneza klinka inayosagwa kuwa saruji, yaani mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, hula nishati nyingi, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kutumia gesi asilia ya Songo Songo mwaka 2004. Msikilizaji anayejenga amwombe mbunge wake aiulize pia wizara ya nishati.