Kuanza na Mahali: Historia ya Sayansi Yetu Ilivyohifadhiwa Mtandaoni

Mhadhara wa umma uliotolewa Mutuka, Babati

Nimekuja Mutuka kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa katika kumbi za vyuo, mbele ya watu wachache. Mahali pake ni hapa pia.

Nikisema historia ya sayansi nina maana ya masimulizi ya namna binadamu walivyokuja kujua wanachokijua: nani aliuliza, nani alipima, nani alibeba mizigo, nani aliandika, na nani aliachwa nje ya maandishi. Kwa muda mrefu masimulizi hayo yalifungiwa katika maktaba za Berlin, London na Washington. Mwalimu wa Babati aliyetaka kuyasoma alihitaji nauli, viza na barua ya utambulisho. Leo sehemu kubwa yake inasomeka kwenye simu, mradi kuna bando.

Hoja yangu ni moja. Hazina hii iliyowekwa mtandaoni inaihusu pia ardhi tunayoikanyaga, lakini imepangwa kwa majina ya waliokusanya na kuchapisha. Mwanafunzi wetu akiingia kwa mlango wa majina makubwa, atatoka akiamini kwamba sayansi ni habari za watu wa mbali. Akiingia kwa mlango wa mahali, atawakuta watu wa kwao wakiwa kazini. Kwa hiyo tuanze na mahali.

Kilichopo

Kwanza tujue ghala zenyewe. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, inahifadhi mamilioni ya vitabu vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Biodiversity Heritage Library, iliyoanza mwaka 2006, imekusanya vitabu na majarida ya mimea na wanyama. Humo utalikuta jarida la Kijerumani la bustani, Gartenflora, ambamo mwaka 1893 Hermann Wendland alilipa jina la kitaalamu ua dogo la zambarau kutoka Tanga, ambalo leo linapamba madirisha duniani kote.

Jarida la Royal Society ya London limekuwa likichapishwa tangu mwaka 1665, na makala zake zote zilizopita umri wa miaka 70 zinasomeka bure. Barua za Charles Darwin, zaidi ya 15,000 alizoandika na alizoandikiwa, zimewekwa wazi na mradi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Anayetaka kujua nani ameandika nini kuhusu mada fulani ya historia ya sayansi aende IsisCB, orodha ya marejeo iliyo wazi kwa wote, inayotokana na kazi iliyoanzishwa na George Sarton mwaka 1913. Kumbukumbu za vielelezo vya mimea na wanyama zinapatikana GBIF, mtandao wa kimataifa ambao Tanzania inashiriki kupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani nayo imeweka mtandaoni majalada ya iliyokuwa ofisi ya makoloni, yakiwemo ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Ghala hizi ni kubwa mno kwa mtu anayeingia bila swali. Swali zuri la kwanza ni hili: kuhusu hapa, kuna nini?

Babati ikitafutwa

Andika «Babati» katika vitabu vya Kijerumani vya kabla ya mwaka 1914, na mara nyingi utaambulia patupu. Andika «Ufiome», jina walilotumia kwa eneo la Wagorowa na kwa mlima tunaouita Kwaraa, kurasa zinaanza kufunguka. Andika «Umbugwe», utafika kwa Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ziwa Manyara mwaka 1892 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka 1894. Andika «Iraku», na utaanza kuwaona Wairaqw. Jaribuni pia makosa ya kompyuta. Vitabu vya Kijerumani vilivyochapwa kwa herufi za kale vina «s» ndefu inayofanana na «f», na kompyuta inapoyageuza maandishi hayo mara kwa mara husoma «Massai» kama «Maffai». Mtafutaji anayelijua hilo hupata kurasa ambazo mwenzake ataapa kwamba hazipo.

Tusogee mbele kidogo. Katika miaka ya 1920 na 1930 mbung'o aliyafanya maeneo makubwa ya nchi hii yasifae kwa ng'ombe, na eneo letu liliguswa. Serikali ya Waingereza ilianzisha idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, iliyofanya kazi Kondoa kisha Shinyanga. Kitabu chake kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936, na aina moja ya mdudu huyo ina jina lake: Glossina swynnertoni. Someni kazi za aina hiyo mkiwa na kalamu mkononi. Kila mahali panaposema kwamba vichaka vilifyekwa, ulizeni vilifyekwa na nani. Panga lilishikwa na wanakijiji walioitwa na watemi wao, na wao ndio waliojua mdudu huyo anauma wapi na saa ngapi. Bila wao kusingekuwa na jaribio la kuandikia kitabu.

Chukueni mfano wa tatu, Minjingu, ndani ya wilaya yetu. Fosfeti yake iligunduliwa mwaka 1956 wakati ndege ya utafiti ilipokuwa ikipima mionzi ili kusaka urani. Fosfeti ile ina kiasi cha urani ndani yake, ndiyo maana vyombo viliitika. Urani haikuchimbwa, ila tukapata mbolea. Fosfeti hiyo ilitokana na kinyesi na masalia ya ndege waliokaa Ziwa Manyara enzi maji yake yalipokuwa juu. Kwa mfano huo mmoja mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kufundisha mionzi, jiolojia, kilimo na siasa za dunia za wakati ule, wakati ambao mataifa makubwa yaliitafuta urani kwa udi na uvumba.

Ziwa Babati nalo lina maandishi yake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1990, Klas Sandström wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, alichapisha mwaka 1995 makala iliyouliza kama mafuriko ya ziwa hili yalitokana na mabadiliko ya uoto. Makala hiyo imo JSTOR, ghala la majarida mtandaoni, ambako mtu mwenye akaunti ya bure anaruhusiwa kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi. Kila masika watu wa mji huu hujadiliana kuhusu maji ya ziwa. Ni haki yao kusoma utafiti uliofanywa mlangoni pao, wakaupima kwa macho yao wenyewe.

Waliochimba na waliobeba

Niwapeleke Lindi, kwa sababu huko mlango wa mahali umeleta matunda yanayoonekana. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa jumba la makumbusho la Berlin ulichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Mifupa ilifungwa, ikabebwa mabegani na vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu unazidi mita 13.

Ukitafuta kwa majina makubwa utampata Werner Janensch na utampata Edwin Hennig, viongozi wa msafara huo. Ukitafuta kwa mahali, ukasoma maelezo ya picha na taarifa za kambi, utakutana na Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa uchimbaji, mtu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Ujuzi huo ni sayansi. Mfupa uliovunjwa kabla ya kuchorwa na kupimwa umepoteza sehemu ya ushahidi wake.

Wasomi waliorudi kwenye nyaraka hizo wameanza kulipa deni. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei. Jina hilo linawaheshimu Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, aliyekuwa katika msafara ule. Majina hayo sasa yako katika fasihi ya kisayansi ya dunia nzima. Yalifika huko kwa sababu kuna watu walioketi na kusoma nyaraka za zamani wakiuliza: aliyeushika mfupa huu kwanza ni nani?

Kufuata hoja kutoka shuleni hadi maabara

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friza ili apate aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutembelea shule. Osborne hakulipuuza swali lile, akalipeleka maabara. Mwaka 1969 walichapisha pamoja makala katika jarida la Physics Education, na sehemu ya makala hiyo ni Mpemba mwenyewe akisimulia.

Uzuri wa mtandao ni kwamba hatuishii kwenye sifa. Tunaweza kuifuata hoja ilivyokwenda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports, jarida linalosomeka bure, vipimo vyao na hoja kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hupoa haraka zaidi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha katika jarida la Nature kwamba tabia inayofanana na hiyo hutokea katika mfumo mwingine, wa chembe ndogo sana ndani ya majimaji. Mwanafunzi akizisoma makala hizo tatu kwa mpangilio, ataelewa zaidi sayansi inavyokwenda kuliko akikariri ukurasa mzima wa tafsiri za istilahi. Ataona kwamba swali la kijana wa Kitanzania lingali linashughulikiwa baada ya zaidi ya nusu karne, na kwamba kupingwa kwa vipimo ni heshima.

Yasiyo katika majarida

Kuna ujuzi ambao haukuwahi kuchapwa. Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma kwa tanuri walizozijenga wenyewe. Ulimwengu wa wasomi ulipata maelezo ya kina mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walipochapisha utafiti wao katika jarida la Science, nao walitegemea wazee waliokumbuka kazi hiyo na kuijenga tena tanuri mbele yao.

Hapa kwetu, mwanaisimu Andrew Harvey alishirikiana na Wagorowa kukusanya rekodi za sauti na video za lugha na maisha yao, zikahifadhiwa katika ELAR, hifadhi ya lugha zilizo hatarini iliyokuwa London na sasa iko Berlin. Anayetaka kujua wazee walivyoziita mvua, udongo, magonjwa ya mifugo na miti ya dawa ana pa kuanzia. Rekodi hizo ni chanzo cha historia ya sayansi sawa na kitabu cha Swynnerton. Nawasihi walimu wa Babati wazisikilize pamoja na wanafunzi wanaoijua lugha hiyo, maana wao watasikia ambacho mtafiti mgeni hawezi kukisikia.

Tahadhari

Kilichoko mtandaoni chaweza kutoweka. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Oktoba 2024 Internet Archive nayo ilishambuliwa ikafungwa kwa siku kadhaa. Ukipata waraka unaohusu kwenu, upakue, uuhifadhi sehemu mbili, na uandike umeutoa wapi na lini.

Tahadhari ya pili ni lugha. Sehemu kubwa ya maandishi haya ni Kijerumani na Kiingereza. Programu za kutafsiri zinasaidia kupata maana ya jumla, lakini hukosea majina ya watu, mimea na mahali, yaani yale yale tunayoyatafuta. Usinukuu tafsiri ya mashine bila kumwonyesha mjuzi wa lugha.

Ya tatu ni gharama. Majarida mengi yamefungwa kwa malipo makubwa. Vyuo vyetu vina nafuu kupitia mpango wa Research4Life na kupitia COTUL, muungano wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti nchini. Shule za sekondari hazimo. Vyuo vya jirani vifungue maktaba zao kwa walimu wa sekondari hata siku moja kwa wiki, na viongozi mlio hapa mna uwezo wa kuliombea hilo.

Ninachopendekeza

Kwanza, kila shule ya sekondari ya mji huu iwe na daftari la mahali. Wanafunzi waandike humo kila walichokipata kuhusu kata yao: jina la waraka, mwaka, ukurasa, na watu wa hapa waliotajwa au walioachwa. Pili, tuskani nyaraka za kwetu: madaftari ya mvua, ripoti za mabwana shamba, picha za mafuriko, kumbukumbu za majosho. Ziwekwe Internet Archive, na nakala zipelekwe Nyaraka za Taifa. Tatu, wanafunzi waandike makala za Wikipedia ya Kiswahili kuhusu Minjingu, Ziwa Babati na Kwaraa, kila sentensi ikiwa na marejeo yake. Nne, mzee akirekodiwa aombwe ridhaa kwanza, aandikwe jina lake akipenda, na apewe nakala.

Haya hayahitaji kungoja bajeti ya mwaka ujao. Yanahitaji mwalimu mmoja mwenye nia na simu chache. Waliotutangulia walipima, walichimba na walibeba, na mara nyingi kurasa zilizotoka hazikubeba majina yao. Kizazi hiki kina nyenzo za kuyarudisha majina hayo mahali pake, na kina wajibu wa kuhakikisha kwamba ujuzi utakaozalishwa Babati kuanzia leo hautapotea na wenyewe.