Mjuzi na Jina Lake: Marejeleo katika Uandishi wa Kitaaluma



Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu *Desturi za Wasuaheli*. Kilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, ingawa sehemu kubwa ya maandishi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Bagamoyo. Mwanafunzi anayeandika “Velten 1903” na kuishia hapo hajavunja kanuni yoyote ya uchapishaji, lakini amempokonya Mtoro ujuzi wake. Nashikilia kwamba rejeleo ni ushahidi kabla ya kuwa utaratibu wa nukta na mkato. Msomaji ana haki ya kujua habari imepitia mikono ya nani hadi kumfikia. Tazama mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, William Hichens akiwa mhariri, na kati ya miaka hiyo 100 alisimama Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya mashairi na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor. Nambari ya ukurasa peke yake haisemi lolote kuhusu safari hiyo. Atajwe mtunzi, mkusanyaji na mhariri. Na aliyeusoma mswada wenyewe ataje maktaba, nambari ya mswada na karatasi aliyoisoma. (Tena orodha inayomgeuza Muyaka kuwa “Haji, M.” imempa baba shairi la mwanawe.)

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye mahojiano. Mtindo wa marejeleo wa APA huyahesabu mahojiano ambayo msomaji hawezi kuyapata kuwa mawasiliano binafsi, yatajwe ndani ya matini tu, nje ya orodha ya marejeleo. Watetezi wake husema orodha ipo ili msomaji akifikie chanzo, na mazungumzo yaliyokwisha hayafikiki. Hoja hiyo ina uzito, na mimi naikubali nusu. Yasiyofikika leo yanaweza kufikika kesho mtafiti akikabidhi kanda na nakala yake ya maandishi kwenye hifadhi ya chuo, kwa ridhaa ya msemaji. Hapo mzee aliyehojiwa anaingia orodhani kama mwandishi yeyote. Wengine wanahofia kwamba kutaja jina kunaweza kumdhuru mtu. Ni kweli, na uamuzi huo ni wa msemaji mwenyewe. Akitaka kufichwa, tuandike mahali, tarehe na jinsi alivyoupata ujuzi wake, kwa kuwa “mhojiwa wa 7” hamsaidii msomaji kupima neno lolote.

Naziomba idara zetu ziongeze kanuni hizi kwenye miongozo yao ya tasnifu. Nanyi wanafunzi, msingoje miongozo: fungueni orodha zenu za marejeleo usiku huu, mtafute nani amesahauliwa.