Tusiihukumu Kadi ya Picha Kabla ya Kuipima

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya wasimamizi wa vituo vya vijana



Wapendwa wachungaji, wasimamizi wa vituo, na ninyi vijana mnaotunza kompyuta zetu,

Tumeombwa kuzungumzia lalamiko linalojirudia katika taarifa za vituo: kompyuta ya michezo ilikuwa ikienda vizuri, sasa picha zinakwamakwama, na kamati inaomba fedha za kadi mpya ya picha. Kompyuta hiyo ndiyo inayowavuta vijana kituoni siku ya Jumamosi, na ndiyo inayotumika kuhariri video za kwaya. Kwa hiyo ombi si la anasa. Lakini fedha hizo zinatoka katika mfuko uleule unaolipia ada za mafunzo ya ufundi. Tukinunua kadi isiyohitajika, kuna kijana atakayekosa nafasi. Ndiyo maana tunasema: tupime kwanza, tununue baadaye.

Kwanza, tupate namba. Fungueni mchezo mmoja, sehemu ileile, kwa mipangilio ileile, mwone kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde, yaani fremu. Wakati huohuo tazameni katika Task Manager ya Windows kadi inafanya kazi kwa asilimia ngapi na ina joto kiasi gani. Kadi ikiwa asilimia 98 na joto ni la kawaida, basi inajitahidi kwa uwezo wake wote; punguzeni ubora wa vivuli na ukubwa wa picha. Ikiwa asilimia 50 tu na mchezo bado unakwama, mara nyingi kadi inasubiri wengine: prosesa imeelemewa, au RAM haitoshi, au imewekwa kipande kimoja mahali panapohitaji viwili. Na fremu zikigota kwenye 60 bila kupanda, huenda ni mpangilio wa skrini ya herzi 60. Huo si ugonjwa.

Pili, tuangalie nyaya. Katika kituo kimoja kamati ilikwisha kupitisha ununuzi. Fundi alipogeuza kompyuta alikuta waya wa skrini umechomekwa kwenye soketi ya madabodi, si kwenye soketi ya kadi. Picha zote zilikuwa zikichorwa na prosesa, na kadi imekaa bure. Waya ulihamishwa, na fedha zikabaki mfukoni.

Mkifungua kasha, hakikisheni kadi imekaa vizuri kwenye nafasi yake ndefu, ile iliyo karibu na prosesa. Angalieni pia umeme. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa hadi wati 75 tu. Plagi ya pini 6 huongeza 75, na ya pini 8 huongeza 150. Pawa saplai dhaifu au iliyochoka inaweza kuzima kompyuta ghafla mchezo unapopamba moto, na lawama zikaiangukia kadi.

Tatu, vumbi. Hapa ndipo penye shida kubwa kwa vituo vyetu vilivyo kando ya barabara za udongo. Vumbi likiziba feni, joto hupanda, na kadi nyingi zikikaribia nyuzi 85 au 90 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Dalili yake ni hii: mchezo unaanza vizuri, baada ya dakika kumi unakuwa mzito. Zimeni kompyuta, chomoeni waya wa umeme, safisheni kwa brashi laini na hewa, huku mmeshika feni isizunguke. Kadi iliyotumika miaka mingi huenda ikahitaji kubadilishiwa dawa ya kupitisha joto iliyokauka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, draiva. Ondoeni ya zamani kabisa, kisha wekeni inayotoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Fahamuni pia kwamba mwezi Oktoba 2025 NVIDIA ilisitisha draiva mpya za michezo kwa kadi za GTX 900 na GTX 1000. Zilizobaki kwao ni za usalama. Mchezo mpya ukiwa mzito kwenye kadi hizo, tusitegemee draiva ijayo kuutibu.

Tano, na hili linauma: kadi za bandia. Zimeuzwa kadi za kale, kama GTX 550 Ti ya mwaka 2011, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016. Kompyuta inaamini jina, lakini uwezo ni wa kizazi kilichopita. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu mwaka 2018, hutambua nyingi kati ya hizo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Tazameni pia nyuma ya kadi: chipu ya GTX 1050 Ti yenyewe haitoi VGA, hivyo soketi ya VGA ni sababu ya kutia shaka. Pimeni kabla ya kulipa, na dai risiti.

Ndugu zetu, hatusemi kadi hazifi. Zinakufa, na ikithibitika tutanunua bila kusitasita. Tunachoomba ni kwamba kila ombi lije na vipimo: fremu kabla na baada ya kusafisha, asilimia ya kazi, joto, na jina la kadi kama GPU-Z inavyolisoma. Karatasi moja inatosha. Kijana atakayeijaza atakuwa amejifunza ufundi unaoweza kumpa kazi, na mfuko utakuwa umetunzwa kwa uwakili mwema.