Visoda 960 kwa Darasa la Tatu

Hotuba ya mwalimu wa Hisabati mbele ya wanachama, siku ya harambee ya mwaka



Nimepewa dakika tano nieleze mahitaji ya shule. Nitaeleza kipindi kimoja tu cha kuzidisha, maana mahitaji mengi yamo humo.

Mwaka juzi nilifundisha kuzidisha kwa kuimbisha. Watoto 80 waliimba jedwali hadi wapita njia wakasikia. Nilipofuta ubao na kumsimamisha binti mmoja, nikamuuliza sita mara saba, akanyamaza. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hajasoma. Jumamosi ile nilimkuta stendi ya Soni akimsaidia mama yake kuuza plamu. Abiria akataka mafungu sita, kila fungu shilingi 700. Kabla hajafungua pochi, binti akasema, "Elfu nne na mia mbili, shangazi." Nilirudi nyumbani na aibu. Aliyekuwa hajasoma ni mimi.

Tangu siku hiyo naandaa somo kwa namna nyingine. Kipindi ni dakika 40, na katika andalio la somo naandika lengo moja: kila mwanafunzi aweze kupanga vitu 24 katika mafungu yaliyo sawa na kuandika kuzidisha kwake. Dakika 5 za mwanzo wanahesabu kwa kuruka: nne, nane, kumi na mbili. Dakika 15 zinazofuata, kila watoto wawili wanapanga visoda 24 katika mistari 4 ya visoda 6. Kisha wanahamia ubavuni mwa dawati na kutazama visoda vilevile. Sasa wanaona mistari 6 ya visoda 4. Hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Dakika 15 nyingine wanafanya maswali kwenye daftari, nami napita kusahihisha. Dakika 5 za mwisho kila dawati linajibu swali moja, na anayekosa namwandika nianze naye kesho.

Kule kuhama upande kunampunguzia mtoto mzigo mkubwa. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100. Toa 1 na 10, ambazo hazimsumbui mtoto. Toa 2 na 5, ambazo anazijua kwa kuruka. Yanabaki majibu 36. Na kwa kuwa nne mara sita ni sawa na sita mara nne, ya kukariri ni 21 tu. Hata hayo akiyasahau, ana njia: saba mara nane ni tano mara nane, yaani 40, ukiongeza mbili mara nane, yaani 16. Jumla 56.

Sasa tuje kwenye hesabu ya leo. Watoto 80 wakikaa wawili wawili ni jozi 40. Jozi 40 mara visoda 24 ni visoda 960. Mimi nina visoda 200 ndani ya ndoo ya rangi. Vinatosha jozi 8. Jozi 32 zinatazama tu.

Ndugu zangu, kwa chumba kipya tunawashukuru sana. Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 watoto wamekuwa wengi, na chumba kilihitajika. Lakini michango ya leo ikienda yote kwenye saruji na mabati, tutapata chumba kingine cha kuimbia. Naomba katika kila shilingi 10 zitakazochangwa, 1 itengwe kwa zana za kufundishia: karatasi za manila, kalamu za wino mzito, na kabati lenye kufuli ili zana zisipotee wakati wa likizo. Najua kisoda hakiwekewi jiwe la msingi, wala hakuna atakayeandikwa jina lake juu yake. Hata hivyo naomba.

Na ninyi wenye maduka, baa na hoteli, visoda msivitupe. Vikusanyeni, vioshwe, mpeni konda wa basi la Lushoto.

Yule binti sasa yuko Darasa la Tano, na sijamwomba radhi kama inavyostahili. Nisaidieni nimwombe kwa kuwafundisha vizuri wadogo zake.

Wazee wetu husema haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ni kujumlisha. Leo naomba tuzidishe.