Mbuyu Wetu na Picha Mbili

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma mkingojea pilau:

Nimeombwa niseme machache juu ya kupiga picha, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyonilisha miaka mingi. Nimeona ni afadhali niseme habari za picha mbili tu, nilizozipiga hapa hapa shuleni mwaka 1977, nyuma ya uwanja wa mpira. Ni picha za ule mbuyu wetu.

Wakati huo chama chetu cha picha kilikuwa na kamera moja, na kila muhula tulipewa mkanda mmoja wa picha 36. Wanachama tulikuwa 18. Hesabu ni rahisi: kila mtu picha mbili, basi. Ninyi wa leo mnaopiga picha 40 kabla ya chai mtatucheka, lakini picha mbili zilitufundisha kufikiri.

Mimi nilizitunza zangu hadi kiangazi, mbuyu ulipopukutisha majani yote. Mbuyu ukiwa na majani ni mti kama miti mingine. Ukiwa mtupu ndipo unapouona ulivyo: matawi yamekaa kama mizizi iliyogeuzwa juu, shina lina mabonde na makovu ya watu waliochuna magome ya kufanyia kamba, na vile vigingi walivyopigilia warina asali wapate kupanda. Mti mwingine ukichunwa gome kuuzunguka pande zote hufa. Mbuyu huota gome jipya ukaendelea.

Jioni tatu mfululizo nilikwenda kuzunguka mbuyu. Msicheke, sikumhonga mtu! Nilitafuta mahali ambapo jua lingezama nyuma ya shina na matawi yasipandane. Mahali hapo ni karibu na goli la upande wa mashariki, nawe upige goti, ili mti wote usimame juu ya upeo wa macho na nyuma yake pasiwe na kitu ila anga.

Siku ya nne nilikwenda na rafiki yangu, tuliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Jina lake silitaji, kwa sababu jamaa zake sikuwaomba ruhusa. Ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu, nikaelekeza kamera kwenye anga, pembeni ya jua, nikaisoma sindano ya mwanga. Ikanipa tundu la 8 na mwendo wa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Hiyo ndiyo siri yote ya picha ya namna ile: unapima anga, hupimi mti. Anga litatoka na rangi zake, na kila kilicho mbele yake kitakuwa cheusi tititi. Nikapiga ya kwanza.

Mwenzangu akasema, "Ya pili nipige mimi basi, niipeleke nyumbani."

Nikamjibu, "Picha ya mtu utapigwa mjini kwa shilingi chache. Wewe nenda ukasimame chini ya mti, ukubwa wake uonekane."

Akaenda bila kununa. Akasimama mkono mmoja kiunoni, kama alivyozoea kusimama golini. Nikapiga bila kubadili kitu. Picha hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kwa muda wa wiki mbili nilitembea kifua mbele.

Tulipomaliza kidato cha sita tulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kambi mbalimbali. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mwenzangu alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda mstari wa mbele. Kampala ilianguka Aprili 1979. Yeye hakurudi.

Mwaka 1980 nilikwenda kwao kuhani. Mama yake aliniuliza kama ninayo picha yake, maana ile ya kitambulisho alikwenda nayo. Nikamtolea hii ya mbuyu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Baba, uso wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi mjini nilipeleka negativu kwa fundi mmoja mzee, nikamsihi aongeze mwanga kidogo ili uso uonekane. Akaiinua dirishani, akanionyesha. Pale aliposimama mwenzangu palikuwa wazi kama kioo. Akasema, "Kijana, hapa hakuna kilichofichwa. Hakikuingia tangu mwanzo."

Nilimrudia mama kumwambia ukweli huo, pamoja na lile neno nililomjibu mwanawe siku ile. Hakunilaumu. Aliweka kidole juu ya ule mkono kiunoni, akasema, "Huyu ni wake, nautambua." Picha akabaki nayo.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo kila nipigapo mtu mbele ya anga hupiga mara mbili: moja ya anga, nyingine ya uso. Ya uso ni rahisi. Mgeuze alielekee jua, au upime mwanga usoni pake na uache anga liungue liwe jeupe. Kwenye simu zenu mnagusa tu uso wa mtu kwenye kioo. Sekunde mbili. Kisha andikeni jina na tarehe.

Wala msidhani kwamba mti utawangoja siku zote. Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha, lakini hawakusema hauna mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote iliyopimwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake za kale zaidi zimeanguka, tangu mwaka 2005. Mmoja, huko Zimbabwe, ulikuwa na umri wa miaka ipatayo 2,450. Wetu nao ulivunjika tawi kubwa la magharibi mvua zilizopita, tawi lile lile lililo juu ya kichwa chake katika picha yangu.

Kwa hiyo nina ombi moja. Leo jua litazama mahali pale pale. Wanafunzi, baada ya pilau, twendeni wote golini upande wa mashariki. Anayetaka anga apige anga. Ila asiondoke mtu yeyote pale kabla mwenzake hajampiga uso.