UTARATIBU WA MKUTANO
(Mazungumzo ya Katibu kabla ya Mkutano Mkuu wa Ushirika)



Jumamosi tunakutana kuamua jambo zito: tuuze mashine yetu ya kusaga, au tukope fedha tuitengeneze. Kila mmoja wetu ana lake la kusema, na hilo ni jema. Lakini mkutano uliopita tulikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, kelele tupu, mwisho sauti ikatoka nyuma, "Basi, imepita!" Imepita nini? Nusu yetu tulirudi nyumbani hatujui. Kwa hiyo tumeona tuzungumze habari za utaratibu.

Kwanza akidi. Idadi imo katika masharti ya chama. Watu wahesabiwe kabla ya kufungua. Wasipotimia, tunaahirisha, hata kama chai imeshachemka.

Sasa hoja. Hapa ndipo penye kazi. Mtu anasimama, anasema na Mwenyekiti, siyo na jirani anayemdai mbuzi: "Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja kwamba chama kikope fedha za kutengeneza mashine." Mwingine anaunga mkono. Asipopatikana wa kuunga mkono, hoja imekufa, tuendelee na mengine. Ikiungwa mkono tunajadili hiyo hiyo, siyo habari za mbolea.

Mwingine atasema, "Tukope, lakini tulipe kwa misimu miwili." Hayo ni marekebisho. Marekebisho hupigiwa kura kwanza, halafu ndipo hoja yenyewe. Wengi tunachanganya hapa. Tukikubali misimu miwili, hatujakubali mkopo! Bado kura ya pili. Anayepinga mkopo anaweza kabisa kuunga mkono misimu miwili, halafu akaikataa hoja nzima.

Kabla ya kura Mwenyekiti aisome hoja neno kwa neno. Naye akitaka kutetea upande mmoja, ampishe makamu wake kiti kwanza. Mwamuzi hapigi mpira.

Kura ni moja kwa kila mwanachama, mwenye hisa kumi na mwenye hisa moja sawasawa. Ndivyo walivyofanya wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza mwaka 1844. Katika suala hili la mkopo tunashauri kura ya siri. Mnajua wenyewe: mdaiwa anaogopa kunyoosha mkono mbele ya anayemdai, na mama mbele ya baba watoto.

Wako wanaosema huu ni uzungu. Ni kweli Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, alichapisha kitabu cha kanuni za mikutano mwaka 1876. Lakini wazee wetu nao walikuwa na zamu ya kusema, na aliyemkata mzee kauli alitozwa.

Halafu Mengineyo. Jambo la fedha au mali ya chama lisiingizwe huko, jioni, akina mama wameshakwenda kuteka maji. Liwe kwenye ajenda, watu walijue mapema.

Mwisho muhtasari. Uandike hoja ilivyosemwa, nani alitoa, nani aliunga mkono, kura ngapi za ndiyo na ngapi za hapana. Usomwe mkutano unaofuata, usahihishwe, ndipo utiwe sahihi. Msidhani ni karatasi tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano wa Kijiji ukubali. Siku ya ugomvi, kitakachoulizwa ni muhtasari. Ninyi mliohitimu kisomo, ombeni kuusoma kwa macho yenu.

Ijumaa saa kumi na moja jioni, darasa la kisomo, tutafanya mkutano wa majaribio. Hoja itakuwa kama tujenge choo kipya cha ghala. Atakayekatiza mwenzake atafagia darasa.